Kifaransa cha Papa Wilondja

Siku ya kwanza ya kilio cha Papa Wilondja, bibi mmoja aliyekaa kando ya sufuria ya mboga ya sombe alisema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye viti vya wanaume: "Mungu amupumuzishe ule baba, lakini Kifaransa kilimushinda." Mkeka mzima ukacheka. Vilio vyetu ndivyo vilivyo, watu hulia wakachoka, kisha hutafuta la kuchekea ili wapate nguvu ya kulia tena. Mzee mmoja akakumbusha karatasi aliyoletewa na marehemu zamani, ambayo hata padri aliigeuza juu chini akashindwa kuisoma. Mwingine akatoa ya kwake. Mimi nilikuwa nachambua mboga ya lenga-lenga, na sikuinua uso. Sifa hiyo ya Kifaransa kibovu sikuianzisha mimi, lakini hakuna mtu katika mji wetu wa Baraka aliyeipeleka mbali kama nilivyoipeleka. Niliifikisha kwenye nchi ambazo mpaka leo siwezi kuzionyesha kwenye ramani. Na kwa kuwa aliyenisamehe amekwenda kabla sijamwomba msamaha, naona niandike mambo ya mwaka ule kama yalivyokuwa, pamoja na yale yanayoniaibisha.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na sikumwamini mtu. Wengine huzaliwa na sauti nzuri. Mimi nilizaliwa na jicho la kuchungulia. Nilikaa kwa Shangazi Mwavua, aliyekuwa na chumba cha kuuzia chakula karibu na bandari: kuta za mbao, bati juu, turubai upande wa ziwa, meza nne. Nyuma yake kulikuwa na chumba tulicholala sisi wawili, kitanda chake na godoro langu, na kati yetu magunia ya unga wa muhogo. Mbao za ukuta zilikuwa zimekauka na kuachana, nafasi ya kupitisha kidole, kwa hiyo kila kilichosemwa mezani kilinifikia. Nilijua nani amegombana na mkewe, boti ya nani imevuja njia ya Kazimia, mwalimu gani anamwandikia barua binti wa nani. Na kwa kuwa nilisikia mengi ambayo sikutakiwa kuyasikia, nilifikiri kwamba lolote nisilolisikia lilikuwa linafichwa kwa makusudi.

Dada yangu Riziki alikuwa ameolewa Ubwari. Hewa ikiwa safi unauona Ubwari kutoka Baraka, mlima mrefu uliolala ndani ya ziwa, lakini kuufikia ni kwa boti, na wakati ule mtandao wa simu huko haukuwepo. Yaya Riziki, maana dada mkubwa kwetu huitwa Yaya, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alipokuja mara ya mwisho alikaa juu ya gunia la unga, akala samaki wa mukebuka wa kukaanga mpaka akafyonza kichwa, kisha akanishika mkono na vidole vyake vya mafuta. "Zaina, mi siwezi kuzaa kati ya bantu ya bwana yangu peke. Utakuya?" Nikamwapia kwamba nitakwenda. Baada ya hapo, kila nilipomkumbusha Shangazi, jibu lilikuwa moja: "Juma yenye kuya." Juma ikaja, ikapita, ikaja nyingine. Sababu niliiona wazi: nikienda, nani angesonga bugali ya wapiga makasia arobaini? Nikajiaminisha kwamba Yaya ananiita kila juma na Shangazi anaumeza mwito. Hilo tu ndilo nililolitaka mwaka ule, kuvuka nikakae na dada yangu kabla siku zake hazijatimia, na niliwatazama watu wote kama walinzi wa mlango.

Ujumbe wa Ubwari ulipita kwa phonie, na mtu wa phonie alikuwa Papa Wilondja. Waliokulia kwenye simu huenda hawaijui: redio ya kusema na kusikiliza, betri ya gari chini ya meza, waya uliofungwa juu ya michikichi miwili, na benchi la watu wanaosubiri habari za ng'ambo. Mtu wa ng'ambo husema kwa Kibembe au Kiswahili, karani wa huko hukigeuza kuwa Kifaransa, Papa Wilondja hukiandika kwa Kifaransa, halafu hukugeuzia tena Kiswahili. Ungeuliza kwa nini Kiswahili kisisafiri chenyewe, benchi zima lingekushangaa. Neno la Kiswahili ni neno la jirani. La Kifaransa ndilo lililopigwa muhuri. Papa Wilondja mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye shati moja la mikono mirefu alilolifunga vifungo mpaka shingoni hata kwenye joto. Alipenda kummiminia kila mteja kikombe cha maji kutoka kwenye mtungi kabla hajamsomea chochote. Mimi niliona ni ujanja wa kupoteza muda ili asome karatasi vizuri kwanza, achague ya kusema na ya kuacha.

Jumanne moja ya mvua alikuja kwetu mwenyewe. Hilo peke yake lilinishtua, maana kwa kawaida aliita watu kwake. Chumba cha chakula kilikuwa kitupu, boti hazikuwa zimetoka siku mbili kwa jinsi ziwa lilivyochafuka. Mimi nilikuwa nyuma, nalala usingizi wa kusikiliza. Nikasikia kiti kikivutwa, kisha sauti yake ya chini: "Mwavua, kamata hii. Usimupatie mutu." Nikamsikia Shangazi kama mtu aliyepaliwa na ugali. Kisha: "Na uyu wa hapa?" Papa Wilondja akasema: "Mpaka muzee akuye. Na ziwa itulie. Mbele ya pale, hapana." Niliweka jicho kwenye ufa. Shangazi alikuwa ameikunja karatasi ndogo mara nne na anaiingiza ndani ya kitambaa anachofungia kiunoni, na Papa Wilondja alikuwa anammiminia maji kutoka kwenye jagi letu wenyewe. Nilipotoka, nikijifanya nimeamka, wote wawili waliniangalia, halafu wote wawili wakaangalia mvua.

Tangu saa ile Shangazi alibadilika, na alibadilika kuwa mzuri, jambo ambalo lilinitisha kuliko matusi. Jioni alinipa mgongo wa samaki, yeye akala mkia. Nilipochukua mwiko akaninyang'anya: "Kaa, mama, pumuzika." Asubuhi ya Jumatano nilikuta maji ya kuoga yamepashwa moto, mimi, binti niliyeoga ziwani tangu nipate akili. Majirani wawili walipita, wakakaa kwenye kitanda cha Shangazi, wakanong'ona. Nilipoingia wakaanza kusifia kitenge changu, kitenge cha kudekia. Kisha akaja Mzee Sefu, mwenye boti tatu za mashine, mjane, mtu ambaye kwa miezi miwili alikuwa akila kwetu kila siku na kuuliza mpishi ni nani. Alimvuta Shangazi kando ya turubai. Nikasikia nusu tu: "Boti iko tayari. Minangoja tu ziwa itulie." Na Shangazi akamshika mkono kwa mikono miwili. Penye moshi hapakosi moto, nilijiambia. Mgongo wa samaki, maji ya moto, wanawake wa kunong'ona, mzee mwenye boti: ni nani asiyejua jinsi bibi harusi anavyoandaliwa?

Shangazi alipokuwa anatawadha kwa sala ya adhuhuri aliacha kile kitambaa juu ya gunia. Nilikuwa na simu ya kioo kilichopasuka, ya mkono wa pili, ya kwanza katika uwanja wetu. Nikaikunjua karatasi, nikaipiga picha, nikaikunja tena mara nne, nikairudisha. Akili ilikuwa imetulia kama ya mwizi mzoefu. Mwandiko ulikuwa mzuri, ulionyooka, na maneno yalikuwa hivi: *Déjà terre dimanche les deux ensemble, petite savoir pas avant vieux arriver, eau méchante, fermer bouche.* Nilikuwa nimesoma hadi darasa la tatu la sekondari, Kifaransa changu kilikuwa cha kuokoteza. Nilijua *terre* ni ardhi. *Dimanche* ni Jumapili. *Les deux ensemble*, wawili pamoja. *Petite* ni binti mdogo, na mdogo katika nyumba ile nilikuwa mimi. *Vieux* ni mzee. Maneno yaliyobaki yalikwenda ovyo, kama mbuzi waliofunguliwa, lakini hayo niliyoyajua yalinitosha kukosa hamu ya kula. Kulikuwa na ardhi, kulikuwa na mzee, kulikuwa na wawili pamoja, na binti asiyetakiwa kujua.

Mtu mwenye akili angempelekea mwalimu. Lakini mwalimu alikula kwetu, na Mzee Sefu alimlipia soda. Padri alijuana na kila mtu. Muuguzi alikuwa shemeji wa mmoja wa wale wanawake wa kunong'ona. Baraka ni mji ambao ukipiga chafya bandarini unaombewa afya sokoni. Hakuna mtu wa kumwonyesha karatasi ambaye asingekuwa tayari upande wao. Nikafikiri: wasionijua hawana sababu ya kunidanganya. Nilikuwa nimejiunga kwenye kundi moja la mtandaoni la watu wanaojifunza Kifaransa, watu wa kila nchi, ambao majina yao yalikuwa ya maua na herufi. Nikanunua mega za intaneti, nikasimama nyuma ya kibanda cha kuchajia simu ambako mtandao ulikuwa na nguvu, nikaweka ile picha. Nikaandika: "Ndugu, naomba mnitafsirie sentensi hii. Ni ya maisha yangu."

Majibu yalikuja kama kuku waliotupiwa mahindi. Wa kwanza aliweka nyuso za kucheka, akauliza kama mwandishi alikuwa amelewa. Mwalimu mmoja, sijui wa wapi, aliiandika upya kwa Kifaransa cha kupendeza, na katika hicho Kifaransa chake watu wawili walikuwa wananunua shamba. Mwingine akasema ni lugha ya siri ya magendo ya madini, niifute upesi. Mwingine akaona uchawi. Mwanamume mmoja hakutafsiri kitu, aliomba picha yangu. Kisha mwanamke mmoja mwenye picha ya paka akaandika kwa uhakika: msichana anaozwa kwa mzee bila kujua, ardhi ndiyo mahari, kimbia dada yangu. Huyo nilimwamini papo hapo, kwa sababu alisema nililokuwa nalo tayari. Na chini yake kulikuwa na mama mmoja aliyesema amefanya kazi ya uuguzi zamani kando ya maziwa yetu. Yeye aliuliza tu: "Binti, huyo mdogo ni wewe? Uko peke yako? Una mtu mzima karibu? Nenda ukae naye." Nikamjibu anitafsirie kwanza. Akarudia vilevile: nenda ukae na mtu mzima. Nikaona huyu ni tapeli, au amepewa kitu. Nilimshuku mwanamke aliye mbali nami bahari mbili, kwamba amepewa kitu na Shangazi Mwavua.

Jioni hiyo nilimkabili Shangazi. Alikuwa anachuja mawese, mgongo umenigeukia. "Shangazi, munanificha nini?" Akasema: "Hapana kitu." Nikauliza mara ya pili. "Hapana kitu, mama. Kula." Mara ya tatu nililia, na yeye mawese yakammwagikia mkononi, ya moto, na hakupiga kelele. Alisema tena "Hapana kitu" kwa sauti ambayo haikuwa yake. Nimeifikiria sana jioni ile. Kuficha kwenyewe ningekuvumilia, hata mtoto anafichwa sukari. Kilichonipa wazimu ni lile neno, hapana kitu, wakati hewa yote ya chumba ilikuwa imejaa kitu. Kama angeniambia, ndiyo, tunakuficha, ngoja siku moja, labda ningengoja. Sina hakika. Nilikuwa na miaka ishirini.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa Papa Wilondja. Mvua ilikuwa imekatika, benchi lilijaa watu wa siku tatu. Sikusalimia. Nilisimama mlangoni nikapaza sauti: "Papa Wilondja, weye unauzisha batoto ya bantu na karatasi zako! Mulipatana na Mzee Sefu! Dunia yote imeisoma, bantu ya Ulaya banakucheka, ata Kifaransa hujui!" Yeye alivua vile vidude vya masikioni taratibu, akaniangalia, na nilichokiona usoni mwake nilikiita hofu ya mwizi. Akamimina maji kwenye kikombe. "Kaa kwanza, mutoto yangu. Kunywa maji." Nikakipiga kikombe. Maji yakamwagikia daftari lake kubwa la ujumbe, na wino ukaanza kukimbia. Alilipangusa kwa mkono wa shati lake, ule mkono uliofungwa kifungo, ukurasa kwa ukurasa. Mama mmoja aliinuka akasema, "Kama iko vile, munipatie karatasi yangu." Mwingine akamfuata. Nilitoka nimeshinda.

Nilikaa nyuma ya jengo, juu ya jiwe la kufulia, nikafungua simu ili niwaambie watu wangu wa mtandaoni kwamba nimemuumbua. Kulikuwa na jibu jipya, la kijana mwenye jina la herufi mbili na namba. "Rahisi," aliandika. "Watu wawili wamezikwa pamoja Jumapili. Msichana asiambiwe mpaka mzee afike. Maji yamechafuka, hayavukiki. Fungeni midomo." Chini yake watu walikuwa wanampongeza. Bravo, bravo, wewe ni kiboko, na vidole gumba. Sikuuliza wawili gani. Niliwajua wote wawili, mmoja kwa uso na mwingine kwa mateke aliyonipiga kiganjani siku ile dada yangu alipokaa juu ya gunia. Watu waliendelea kupongeza. Simu ilikuwa inatikisika mkononi kwa pongezi.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Papa Wilondja alisema baadaye kwamba sikupiga, na ndiyo maana alikuja: alinisubiri nilie njiani kama mtu mwenye hasira, akasikia kimya. Alikuja akaketi chini kwenye matope, yule mtu wa vifungo, na suruali yake safi. Aliichukua simu, akaitazama, akaizima. Kisha akaita, na sauti yake ya redio ikafika bandarini: "Bamama! Kuyeni! Kuyeni hapa!" Wakaja wale wale waliochukua karatasi zao, wakaja wa kunong'ona, akaja Shangazi anakimbia bila kilemba na mkono wake umefungwa kitambaa. Walinishika kila mahali panaposhikika. Mikono ilikuwa tayari tangu Jumanne, ilikuwa inangoja tu. Kwetu habari ya kifo haiandikwi wala haisemwi redioni kwa mwenye msiba. Huletwa na mzee wa ukoo, mwenye msiba akiwa ameshiba, ameoga, amezungukwa na wanawake wenye nguvu za kumzuia, na kama kaburi liko ng'ambo, siku ambayo boti inaweza kuvuka. Unamwambiaje mtu dada yake yuko upande ule, wakati ziwa limefunga? Atajitupa. Yote hayo walikuwa wameyapanga, mgongo wa samaki, maji ya moto, boti, na mzee aliyekuwa anangojwa alikuwa baba mkubwa wangu wa Lubondja.

Alifika asubuhi ileile, saa nne, viatu vimejaa udongo wa njiani, maneno yake ameyaandaa moyoni tangu alipotoka. Akanikuta mkekani. Alisimama mlangoni, fimbo mkononi, akauliza: "Nani alimwambia?" Ungemwambiaje mzee wa Lubondja kwamba ametanguliwa na herufi mbili na namba? Aliketi akalia, na nadhani nusu ya kilio kile ilikuwa ya kunyang'anywa kazi yake. Ijumaa ziwa lilitulia, tukavuka kwa boti ya Mzee Sefu, yeye mwenyewe akishika usukani. Njiani Shangazi aliniambia kwamba Mzee Sefu alikula kwetu kwa sababu meno yake yaliisha na samaki wangu alikuwa laini. Alinieleza pia kwa nini kila juma ilikuwa juma yenye kuya: Yaya mwenyewe alikuwa ametuma neno nisubiri, mpaka mwezi wake ukaribie. Mtoto hakusubiri mwezi. Kaburi lilikuwa moja, udongo wake bado mwekundu, na niliuweka mkono pale nikawaomba radhi wote wawili kwa kuchelewa.

Papa Wilondja hakuwahi kulitaja lile tusi. Watu walimkwepa miezi kadhaa, maana neno nililolisema mlangoni lilikwenda na miguu yake. Shangazi alipotaka kuwaeleza, alimkataza. "Ule alikuwa mufiwa," alisema. Mimi nilifungua duka la dawa, nikaolewa, nikapita mbele ya mlango wake kila siku, na kila siku nilikuwa na sababu ya kuahirisha. Juma yenye kuya. Yeye alinitania tu, mkono juu: "Zaina, dunia inasema nini leo?" Nami nikajibu, "Dunia iko sawa, Papa." Minara ya simu ilipofika hadi Ubwari phonie ikanyamaza, akabaki anawasahihishia wanafunzi insha. Siku moja nilimkuta barazani na daftari la Neema, kitinda mimba wake. Nikasoma juu ya bega lake. Masahihisho yake yalikuwa ya Kifaransa kizuri cha kumtia aibu mwalimu. Nikamwambia, "Papa, kumbe unakijua hivi?" Hakuinua kalamu. "Kukijua iko kazi moja," akasema. "Kukivunja iko kazi ingine."

Hicho ndicho nilichokuwa nacho kichwani pale kilioni, wakati watu wanacheka. Mzee alimaliza kisa chake cha karatasi iliyomshinda padri, nami nikahesabu miaka: ilikuwa ya mwaka ule mkewe alipofia kule Kazimia. Ile ya mwenzake ilikuwa ya mwaka aliofiwa na mwanawe. Kila karatasi ya kuchekesha ilikuwa na kaburi lake: marehemu alikivunja Kifaransa pale tu alipoficha kifo. Sijui kama walijua wanachokicheka. Bibi wa sombe nadhani alijua, maana alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi nilikuwa bado najiuliza kama nimwambie hivyo yule mzee au ninyamaze, simu yangu ilipotikisika mfukoni. Ilikuwa Neema. Anasoma Kalemie, anakaa kwa mama mmoja rafiki wa familia, na tulikuwa tunamngoja yeye ili tuzike. Aliambiwa tu kwamba baba anaumwa.

Alikuwa amenitumia picha ya kioo cha simu ya mwenyeji wake. Ujumbe ulikuwa wa baba yake mdogo, aliyewahi kuwa msaidizi kwenye phonie: *Petite monter boti demain, déjà matin fini, vous accompagner, bouche fermée.* Mimi niliusoma bila mkalimani: binti apande boti kesho, baba amekwisha asubuhi, mumsindikize, mdomo ufungwe. Chini yake Neema ameandika: "Yaya Zaina, nimeuchukua kwenye simu ya mama bila yeye kujua. Anapikia mimi kuku leo, hataki nioshe ata sahani. Kifaransa ninakijua, lakini hiki sikielewi. Nimekiweka kwenye kundi moja la mtandaoni, bantu banaanza kujibu." Mikono yangu ilikuwa na majani ya lenga-lenga. Niliiangusha sinia.

Niliandika haraka kuliko nilivyowahi kuandika maishani: "Futa. Usisome majibu. Uko peke yako?" Akajibu, "Niko chumbani." Nikaandika: "Mama iko wapi?" "Jikoni." "Enda ukae naye. Sasa hivi. Mupatie simu yako aiweke. Kesho mupande boti pamoja. Nitakuwa bandarini na bamama. Ile karatasi nitakusomea mi mwenyewe, neno kwa neno." Nikangoja. Wanawake mkekani walikuwa wameelewa bila kuambiwa, Shangazi Mwavua ameshanishika goti kwa mkono wake wenye kovu la mawese. Alama ya kwamba anaandika ikatokea, ikapotea, ikatokea tena. Kisha likaja swali, na nikajua limemtoka mahali lilipokuwa limenitoka mimi.

"Yaya, munanificha kitu?"

Nilisikia "hapana kitu" likipanda kooni, limekomaa, tayari kutumika. Nikalimeza.

"Ndiyo," niliandika. "Tunakuficha. Kuya."

Kisha akaandika, "Sawa. Minaenda jikoni," na jina lake likazimika. Nikamwambia Shangazi tutahitaji wanawake sita bandarini kesho, wenye nguvu, na jagi la maji.